Karafuu maiti, matone ishirini na boila iliyotoa povu

Hiki kisa kilitokea Tanga, kwenye kiwanda kidogo cha sabuni njia ya kwenda Pongwe, jina naliacha maana mwenyewe mpaka leo tunasalimiana vizuri na sina sababu ya kumchoma. Nakiandika kwa sababu tangu kitokee nimeshakutana na watu watatu wanne wenye pampu za stimu za zamani, wote wanalalamika jambo lile lile, pampu inalia, na wote wanalaumu kile kichupa cha shaba cha kudondoshea oili, wanataka wakifungue wakauze skrepa, wakati kwenye kisa hiki kichupa ndo kitu pekee mule ndani ambacho hakikukosea hata siku moja.

Mashine zenyewe zilikuwa hivi. Boila ya kuni, ya mirija, inakwenda na presha ya baa 7. Stimu inapelekwa kwenye koili za masufuria makubwa, mengine ya sabuni mengine ya mafuta ya nazi, ikishapoa na kuwa maji inarudi kwenye tanki la kulishia boila. Maji yanasukumwa ndani ya boila na pampu ya umeme, ila umeme si mnaujua, kwa hiyo pembeni kuna pampu ya stimu ya akiba, zile za pacha, silinda mbili za stimu upande huu na mbili za maji upande ule, haina flaiwili, lile gurudumu zito, wala krenki, rodi inakwenda inarudi tu na kila upande unamfungulia mwenzake valvu. Pampu za aina hii ni ngumu kama punda. Kasoro yake ni moja, kwa kuwa haina flaiwili ya kuivusha pale inapokwama, silinda ikikauka oili kidogo tu unaisikia hapo hapo.

Oili yake inatoka kwenye hicho kichupa, kimefungwa juu ya bomba la stimu kabla halijagawanyika kwenda silinda mbili. Kinabeba nusu lita. Kina kioo kirefu ubavuni cha kuangalia kiasi, na kioo kingine kifupi ambamo unaona tone la oili linapanda juu, ndiyo, linapanda, halishuki, nitaeleza.

Jumatatu moja mwezi wa nne, masika yameshashika, mota ya pampu ya umeme ikaungua. Wakawasha ya stimu, ambayo kwa kawaida inafanya kazi saa moja mbili kwa wiki, sasa ikawa inapiga shifti nzima masaa manane kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Debe la oili ya silinda lilikuwa na kidogo chini, likaisha mapema. Mwenye kiwanda akamtuma dogo mmoja anayesimamia pampu aende sheli, akarudi na ndoo ya lita 20 ya oili ya injini namba 40, mpya, imefungwa, ya bei nzuri tu. Hapa nimtetee dogo kabisa, maana kila mtu alimrukia yeye. Kwenye stoo hakuna debe lililokuwa limeandikwa kitu. Lile la zamani lilikuwa jeusi limeliwa na kutu, mtu anajua tu "oili ya pampu", sasa wewe ukiambiwa kalete oili ya pampu utaleta nini?

Siku ya pili pampu ikaanza kulia. Sio kelele ya kugonga, ni ile ya mlango wa zamani wa msikiti usiotiwa mafuta, halafu katikati ya mwendo inasita kama mtu mwenye kwikwi, inavuta pumzi, inaenda tena. Dogo akafanya ambacho wote tungefanya, akaongeza oili. Valvu ya matone ilikuwa imewekwa matone matatu kwa dakika, akapandisha manane, kelele ikapungua kidogo, akapandisha ishirini. Na kweli asubuhi ilikuwa inatulia kabisa. Mchana inalia tena. Wakakubaliana kwamba pampu imezeeka na kichupa kimeoza, basi wakaendelea hivyo hivyo karibu wiki mbili.

Wiki ya pili ndo ikaja balaa yenyewe. Kioo cha maji cha boila kikaanza kucheza, maji yanapanda yanashuka kama kuna mtu ndani anayatikisa, na juu yake povu rangi ya chai ya maziwa. Stimu ikawa inakuja na maji, mabomba yanagonga, masufuria hayachemki kama zamani. Siku moja filimbi ya maji machache ikalia mara mbili wakati kioo kinaonyesha maji yapo nusu. Hapo ndo wakanipigia simu, na nashukuru walinipigia, maana boila ambayo kioo chake kinakudanganya usibaki nayo chumba kimoja. Nikawaambia vuteni kuni zote nje, acheni ipoe, msiguse kitu mpaka nifike.

Nilipofika mwenye kiwanda alikuwa ameshapata jibu lake. Alisema koili ya sufuria la nazi imetoboka, mafuta ya nazi yanaingia kwenye maji yanayorudi, yanaishia kwenye boila, ndo povu hilo. Fundi wa kuchomelea ameshapima na bei ya koili mpya ameshapewa, na ilikuwa bei ya kukosa usingizi. Sio jibu la kijinga hata kidogo, mi mwenyewe nimeshaona koili zikifanya hivyo, mashine ikisimama na koili ikipoa ndani kunakuwa na mvuto, inafyonza kile kilichomo kwenye sufuria kupitia tundu la sindano. Na kwenye tanki la maji ukichungulia kweli kuna utando wa mafuta juu. Swali ni mafuta yapi, na kunusa hakusaidii, kiwanda kizima kinanuka nazi, hata ukinusa daftari la stoo linanuka nazi.

Nikaenda kwa babu mmoja anakaa Ngamiani, alikuwa fundi wa reli tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile iliyovunjika 1977, injini za stimu kazilea kama watoto. Nikamkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Boila gani tena hiyo imekunyima usingizi?"

Nikamweleza. Hakuniuliza habari ya koili wala habari ya pampu, akaniambia kanunue karafuu maiti, ile kafuri ya kuandalia maiti. Nikadhani ananitania. Akasema enzi zao mafundi wa meli na wa reli walikuwa wanapima hivyo, unachukua maji kwenye chombo kisafi, unadondoshea vipande vidogo vya karafuu maiti, maji yakiwa safi vile vipande vinacheza vyenyewe juu ya maji, vinakimbia vinazunguka kama vina roho, yakiwa na mafuta hata kidogo tu ya utando usioonekana, vinatulia kimya. Sababu ni kwamba karafuu maiti inapoyeyuka inalegeza ile ngozi ya juu ya maji upande mmoja, upande mwingine unaivuta, ndo inakimbia. Mafuta yakishatangulia kuilegeza ngozi yote hakuna tena wa kuvutana.

Basi nikaingia duka la mitishamba na ubani huko huko Ngamiani, naomba karafuu maiti, yule mama akaacha kupima ubani wake, akaniangalia kwa huruma, "Innalillahi, nani tena?" Nikamwambia hakuna aliyefariki mama, ni ya kupimia boila. Akanipa lakini macho yake yalisema huyu msiba umemchanganya. Angalizo kwa atakayejaribu, usinunue zile tembe nyeupe za kuwekea nguo kabatini, hizo nyingi ni nafthalini.

Jaribio la kwanza nililiharibu mwenyewe. Nikachukua mabakuli ya pale pale kiwandani, nikavunja karafuu maiti kwa vidole, nikaweka hata kwenye maji safi ya bomba, kimya, haichezi popote. Nikamlaani babu kimoyomoyo. Halafu nikakumbuka niko wapi, kiwanda cha sabuni, bakuli gani pale halina mafuta au sabuni? Na vidole vyangu nilikuwa nimetoka kushika glandi ya pampu, pale rodi inapotokea. Nikatuma mtu dukani akaleta glasi nne mpya, tukazisuuza kwa maji yanayotiririka bila kugusa ndani, vipande nikakata kwa kisu kilichopitishwa motoni, na maji ya moto tukayaacha yapoe kwanza. Glasi ya kwanza maji ya bomba, vipande vikacheza mpaka vijana wakasogea kuangalia. Ya pili maji yanayorudi kutoka koili ya sufuria la nazi, nikachukua kwenye trapu, kile kifaa kinachoachia maji na kuzuia stimu, kabla hayajafika tanki, vikacheza vile vile. Ya tatu maji ya tanki, kimya. Ya nne matone niliyokinga chini ya bomba la moshi wa pampu, yaani lile linalotoa stimu iliyokwishatumika, kimya kama kaburi.

Koili ilikuwa nzima. Fundi wa kuchomelea aliondoka bila kuaga.

Sasa turudi kwenye kichupa, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye utamu. Wengi wanadhani ni kama chupa ya dripu hospitali, umeijaza oili inashuka tone tone. Sivyo. Bomba la stimu lina presha ya baa 7, ukiweka tu oili juu yake haishuki, stimu itairudisha ikurukie usoni. Kwa hiyo kichupa kinaendeshwa na maji. Kuna bomba jembamba linachukua stimu kutoka kwenye bomba kubwa, linaipandisha juu kwenye kibuyu kidogo cha shaba, pale inapoa inakuwa maji. Yale maji yanateremka mpaka chini kabisa ya kichupa, chini ya oili. Oili ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake. Kila tone la maji linaloingia chini linaisukuma oili juu nafasi ya tone moja, na oili inatafuta njia, inapita kwenye kijitundu chini ya kile kioo kifupi ambacho nacho kimejaa maji, inapanda ndani ya maji kama puto, inaingia kwenye bomba la stimu, stimu inaibeba mpaka silinda. Presha ya baa 7 iko pande zote mbili, juu ya maji na pale oili inapotokea, inajifuta yenyewe. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanasukumana mlangoni, hakuna anayeshinda, halafu mtoto mdogo akaegemea upande mmoja, mlango unakwenda. Huyo mtoto ni uzito wa maji ya lile bomba, kama sentimita 40 hivi kwenye kichupa kile, sawa na baa 0.04 tu. Hicho ndo kinaendesha kila kitu.

Sasa ona inavyofuata. Oili inavyotoka, maji yanachukua nafasi yake. Kichupa hakipungui kamwe. Muda wote kimejaa, asubuhi kimejaa oili, jioni kimejaa maji. Kile kioo kirefu cha ubavuni ukisome kwa kutafuta mpaka kati ya oili na maji, na mpaka huo unapanda kadiri oili inavyokwisha. Oili ya silinda ya zamani ni nyeusi ya kijani, mpaka unauona ukiwa mlangoni. Oili ya injini mpya ni rangi ya asali, kwenye kioo chenye umri wa babu yako na chumba chenye moshi wa kuni, huoni kitu. Dogo alikuwa anaangalia kioo, anaona kimejaa, anaandika kwenye daftari "oili ipo". Alikuwa anakosea? Kwa macho yake hapana.

Nikamuuliza inaanza kulia saa ngapi. Akasema kila siku kama saa tisa mchana, hapo mpaka wanafunga saa kumi ni makelele. Nikacheka, maana hesabu ilikuwa imejikamilisha yenyewe. Anajaza saa mbili asubuhi, nusu lita, kwa matone ishirini kwa dakika inakwisha masaa saba, saa tisa kamili. Kuanzia hapo kinachodondoka ni maji tu. Kwa matone matatu ya zamani ile nusu lita ingekaa karibu shifti sita. Tukaipima ndoo, kati ya lita 20 zilibaki kama 14. Lita sita za oili ya injini zimepita kwenye pampu ndani ya siku kumi na mbili, na hazikupotea hewani.

Zilienda wapi? Miaka minne nyuma mwenye kiwanda aliona pampu inatoa stimu ya moto hivi hivi angani, akaona hasara, akalipeleka lile bomba la kutolea moja kwa moja ndani ya tanki la maji ya boila yapate joto, apunguze kuni. Wazo lenyewe zuri, mi namsifu mtu anayehesabu kuni zake. Ila ile stimu inatoka na oili iliyopaka silinda. Kwa matone matatu na saa mbili kwa wiki ilikuwa kidogo mno mtu hajui, boila inameza inanyamaza. Kwa matone ishirini kila siku kutwa, ni kumwaga kikombe kizima na zaidi cha oili kwenye boila kila shifti. Na oili ya injini ina dawa za kusafishia ndani yake, zimewekwa makusudi zishike uchafu wa injini usitulie, dawa hizo kwenye maji yanayochemka zinafanya kazi kama sabuni. Ndo povu lile la chai ya maziwa.

Kwenye silinda nako haikuwa na faida. Stimu ya baa 7 ina joto la kama nyuzi 170, hapo oili namba 40 inakuwa nyepesi kama maji ya mchele, na stimu ya pampu hizi ina unyevu mwingi, inaiosha ukutani kabla pistoni haijarudi. Oili ya silinda ni mnyama mwingine, nzito, namba yake 460 au 680 kwa kipimo cha viwandani wakati namba 40 ya gari inacheza karibu na 150, na kwa stimu yenye unyevu inachanganywa asilimia chache ya mafuta ya mnyama, shahamu, ambayo inashikana na maji ikang'ang'ania chuma badala ya kuoshwa. Kwa hiyo dogo alipoongeza matone alikuwa anafidia wepesi kwa wingi, na ule wingi ukaenda kuua upande wa pili. Hata hivyo na hiyo yenye shahamu ina ubaya wake, ikishachanganyika na maji haitengani kirahisi, kwa hiyo hata ukiweka oili sahihi, stimu ya pampu usiirudishe kwenye boila hivi hivi.

Kulikuwa na kijana mwingine yuko fildi pale, wa chuo, akauliza zamani kabla ya hivi vichupa walikuwa wanafanyaje. Nikamwambia walikuwa wanafanya kwa mkono, mtu na kopo lake la shahamu au oili, na mashine nyingi ilibidi usubiri stimu ifungwe ndo umimine. Kule Uingereza John Ramsbottom wa reli alitoa chake cha kusukumwa na maji mwaka 1860, ndo ukoo wa hiki cha kwetu. Ila anayenigusa mimi ni Elijah McCoy, mtu mweusi aliyezaliwa Kanada 1844, wazazi wake walitoroka utumwa Kentucky, wakajibana wakampeleka Edinburgh akasomee umakanika, karudi Marekani na ujuzi wake wote hakuna wa kumpa kazi ya injinia kwa sababu ya rangi, reli ya Michigan Central ikampa kutupia makaa na kupaka oili. Sasa wewe mpe mtu kama huyo kopo la oili uone. Mwaka 1872 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chombo chake, presha ya stimu ya ndani ya silinda ndo inafungua valvu ya oili yenyewe, mashine ikifanya kazi inajipaka, ikisimama inaacha. Mpaka anafariki 1929 alikuwa na hataza zaidi ya hamsini, nyingi za mambo haya haya ya oili. Yule kijana wa fildi akamgeukia dogo wa pampu akamwambia, unaona, na wewe ni mpaka oili. Dogo akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kazi ya kurekebisha haina maneno mengi. Boila tuliichemshia maji ya magadi kutwa nzima kwa moto mdogo, tukamwaga, tukasuuza, tukafungua. Ndani kulikuwa na mstari wa uji wa kahawia kuzunguka pote pale maji yanapoishia, ukipitisha kidole unateleza, na mirija miwili ilikuwa inalia maji kwenye maungio. Hiyo inatokea maana utando wa oili kwenye chuma unazuia joto lisiingie kwenye maji, chuma kinapata joto la ziada peke yake. Haikuvimba, Mungu alisaidia, tuliipanua tena miisho ikashika. Silinda za pampu zilikuwa na mikwaruzo, tukazisugua, tukabadili ringi na pakingi. Oili sahihi ilitoka Dar, ikaja kwa basi siku ya tatu.

Tulipobishana ni kwenye bomba la kutolea. Mi nilitaka litoke nje kama lilivyozaliwa, mwenye kiwanda hataki kupoteza joto lake. Tukakutana katikati, tukapindisha bomba kama koili ndani ya tanki, stimu inapita humo inaacha joto, haigusi maji, inatoka upande wa pili na kudondokea kwenye pipa nje, na hilo pipa lina mtu wa kuliengua oili, maana mtaro wa pale ukiufuata unafika baharini. Babu alipendekeza pia tuweke boksi la madodoki pale maji yanapoingia tanki, ya kunasa utando wowote utakaobaki, anasema kwenye meli walikuwa wanafanya. Madodoki Tanga yanaota kwenye uzio wa watu, hayakugharimu kitu. Tukaweka.

Kujaza kichupa nilimfundisha dogo mwenyewe, mara tano mfululizo mpaka akachoka. Funga valvu ya juu inayoleta maji, funga valvu ya matone, ndipo ufungue koki ya chini utoe maji yote na presha, usiguse kizibo cha juu kabla hujasikia imekata pumzi. Alinionyesha kovu kwenye mkono wa kushoto, la mwaka uliopita, sikuhitaji kumuuliza lilitoka wapi. Halafu funga koki, jaza, funga kizibo, fungua valvu ya juu taratibu na usubiri kama dakika kumi na tano kibuyu kijae maji, usikimbilie kufungua matone. Na pampu ikisimama funga matone, la sivyo bomba likipoa linavuta, asubuhi unakuta oili yote imenyonywa. Alichonizidi ni hiki, aliazima rangi ya kucha nyekundu kwa dada yake, akachora mstari kwenye kioo kirefu, ule mpaka wa oili na maji ukifika pale anatoa maji na kujaza. Debe jipya naye ndo aliandika kwa rangi hiyo hiyo, PAMPU YA STIMU TU.

Siku ya kuwasha babu alikuja na baiskeli yake, akaegemeza ukutani, akasimama karibu na pampu kama mtu anayesikiliza taarabu, jicho moja kafumba. Dogo kaweka matone matatu kwa dakika, anahesabu kwa saa ya simu. Pampu inakwenda inarudi, hakuna kwikwi. Babu akagusa rodi kwa kidole pale inapotokea kwenye glandi, akaangalia utando ulioachwa kidoleni, akausugua na kidole gumba.

"Weka mawili," akasema, akaenda kutafuta kahawa.

Yakawekwa mawili. Saa kumi tulipofunga ilikuwa bado kimya.